Tundu la Kumi na Nane

Saa kumi kasoro dakika tano king'ora kilipolia, Mzee Baruti aliondoa kikombe mezani, akakishika mkononi na kukifunika kwa kiganja. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kabisa ukitoka machimboni. Ukuta wa sebuleni ulikuwa umepasuka kutoka dirishani mpaka chini, ufa wa kupitisha kidole, na kila siku saa kumi machimbo yakilipua, sahani zilicheza kabatini, mlango wa chooni ulijifungua wenyewe kama umeitwa, na vumbi lilishuka darini likatua popote panapoliwa. Ukifunika kikombe, unakunywa chai. Usipofunika, unatafuna kokoto.

Ardhi ikanguruma. Sahani zikacheza, mlango ukafunguka, vumbi likashuka. Kisha kukawa kimya, na katika kile kimya mtu akamuuliza:

"Ngapi, shemeji?"

Sauti ilikuja upande wa kushoto. Sasa hapo ndipo penye shida, maana sikio la kushoto la Mzee Baruti lilishakufa zamani. Miaka thelathini ya kulipua mawe ililimaliza kabisa. Ukimsalimia upande huo anakupita kama hujazaliwa, na majirani walimnunia sana kwa ajili hiyo mpaka walipoelewa. Kinyozi wa pale njiapanda alikuwa akisema ukitaka kumsengenya mzee yule, kaa kushoto kwake, utasema yote na mwisho atakuitikia vizuri. Sikio hilo halikusikia redio, halikusikia mvua kwenye bati. Lakini tangu miezi miwili iliyopita lilisikia kitu kimoja tu, mara moja kwa siku, saa kumi: "Ngapi, shemeji?"

Na sauti aliijua. Ilikuwa ya Keekee, mume wa mdogo wake, aliyekufa machimboni miaka ishirini na sita iliyopita.

Haya, ilianzaje? Ilianza siku walipokuja vijana wa kampuni na mabuti yao na ile darubini ya miguu mitatu, wakapita juu ya machimbo, wakaingia kwenye pori la hifadhi lililo ng'ambo, wakapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu. Mtaa ulijua pori lile halijaguswa na mtu. Kisima cha mtaa mzima kinapata maji kutoka huko. Kina mama walikatazwa hata kuokota kuni humo, na walikatazika. Leo wanakuja watu na nyundo, wanasema machimbo yatapanuliwa, pori litasogezwa. Mtaa ukachachamaa. Utasogezaje pori? Kwani ni kabati?

Watu wote walikuwa na hasira. Mzee Baruti peke yake alikuwa na hofu, kwa sababu alijua ndani ya pori lile kuna nini. Na alijua pia akifungua mdomo kulisema, atawapoteza watu wawili aliobaki nao duniani.

Wawili wenyewe hao wakaingia jioni ileile, hata chai haijapoa.

"Hodi, Mjomba!" Huyo alikuwa mpwa wake, mtoto wa Keekee, nesi wa zahanati, bado yuko na sare yake. Alizungukia kulia bila kufikiri. Amezoea tangu utoto. "Shikamoo."

"Marahaba, mama. Na huyo nyuma yako ni nani, mbona anahema kama lori?"

"Ni mimi," akasema mdogo wake, fundi cherehani, akiweka suruali mezani. "Nimekushonea paja. Ungekuwa na aibu ungenunua nyingine, hii sasa viraka ni vingi kuliko suruali."

"Ina mwaka mmoja tu hii."

"Ina mwaka mmoja tangu uanze kudanganya."

Nesi alikaa kwenye kigoda, akaweka daftari magotini. Yeye ndiye aliyekuwa mbele katika jambo hili la pori. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akihesabu nyufa, akaandika watoto wanaokohoa zahanati, akapiga picha za kisima.

"Mjomba, Jumamosi ni mkutano, ukumbi wa shule. Afisa wa mazingira anakuja mwenyewe, na kampuni wanakuja na makaratasi yao. Nataka usimame useme."

"Mimi na mikutano wapi na wapi?"

"Wewe umeulipua mlima ule miaka thelathini. Sisi tukisema nyumba zinapasuka, wanasema hatujui kujenga. Tukisema watoto wanakohoa, wanasema ni baridi. Wewe ni mtu wao, hawawezi kukwambia hujui."

"Mwache kaka yangu," fundi cherehani akaingilia. "Akishika kipaza sauti atawasimulia tangu alipoota meno. Afisa atalala na pori litachimbwa."

Wakacheka wote watatu. Kisha nesi akafungua daftari lake, na sauti yake ikabadilika.

"Wataleta na jambo la baba. Nimeiona ripoti yao. Wameandika machimbo yana miaka arobaini, ajali ya kifo ni moja tu, na hiyo ni ya mfanyakazi aliyepanda kazini amelewa."

Mzee Baruti akaangalia chai yake.

"Si ndivyo ilivyokuwa?" mama mtu akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja kipimo cha kiuno. "Alikunywa, akaenda na ile mashine yake mahali asipotumwa, akafa. Mimi nilishamalizana naye."

Hakuwa amemalizana naye hata kidogo. Kila mwaka alikwenda kaburini kung'oa majani, na Mzee Baruti alishamsindikiza, akamsikia akimgombeza marehemu huku anang'oa. Unaona? Mtoto amefaulu. Unaona? Mtoto amevaa sare nyeupe. Ungeyaona haya kama ungeiacha hiyo chupa. Na jembe linapiga chini, pu, pu, kama anampiga yeye.

"Utasema, Mjomba?"

"Nitaona," akasema. "Goti hili likikubali."

Goti halikuwa na neno lolote. Wote wawili walipoondoka alikaa palepale mpaka giza likaingia, hajagusa chai.

Sasa niwaeleze Keekee alikuwa nani, na lile swali lake lilikuwa la nini.

Keekee alikuwa mtoboaji. Kazi yake ilikuwa kutoboa matundu kwenye mwamba kwa mashine ya upepo, ile inayomtikisa mtu mpaka meno, ndiyo maana wakamwita Keekee, jina la chombo cha kutobolea. Yeye anatoboa, Mzee Baruti, ambaye wakati huo hakuwa mzee, anajaza baruti, anaweka fataki, anakata tambi za kuwashia, moja fupi, nyingine ndefu kidogo, nyingine ndefu zaidi, ili zisilipuke pamoja. Anawasha, anakimbia, anajibanza, anahesabu milio. Matundu kumi, milio kumi. Ukisikia tisa, basi kuna tundu limelala. Na tundu lililolala linaua. Hakuna kukaribia mpaka kesho, na kesho yenyewe anaanza kupanda fundi baruti peke yake, analitafuta na kuliweka alama kabla mwingine hajaweka mguu.

Karatasi za kampuni zilikuwepo, lakini watu wale wawili hawakuzitegemea. Wao walikuwa na utaratibu wao. Baada ya kulipua, Keekee anamfuata shemeji yake, anamwangalia usoni, anauliza: "Ngapi, shemeji?" Naye anataja hesabu kwa mdomo wake. Ikilingana na matundu aliyoyatoboa, wanashikana mikono, na ule mkono ndio ruhusa. Bila mkono Keekee hagusi mashine kesho yake, hata aje mwenye kampuni. Miaka tisa walifanya hivyo. Wengine waliwacheka, wakasema hawa wanafunga ndoa kila jioni.

Siku hiyo meneja wa wakati ule, waliyemwita Bwana Saa kwa sababu hakuzungumza na mtu bila kuangalia mkono wake, aliwaamuru wavuke. Mpaka wa pori ulikuwa ni mstari wa mawe makubwa yaliyopakwa chokaa. Nyuma ya mawe yale kulikuwa na mwamba mzuri, mweusi, usio na udongo, na Bwana Saa alikuwa ameutamani muda mrefu. Bwana misitu anakuja kesho kukagua, akasema, lakini hatafika mpaka mchana. Tulipue leo, asubuhi tutoboe safu ya pili, akija atakuta ni mwamba wetu wa zamani. Mawe ya chokaa wakayasukuma kando kwa mitalimbo. Keekee akatoboa matundu kumi na nane ndani ya pori.

Mzee Baruti aliwasha, akakimbia, akahesabu. Moja, mbili, tatu. Akafika kumi na saba. Akangoja. Ndege waliruka wote kutoka porini, wakazunguka juu bila kulia. Akangoja tena.

"Kumi na nane," Bwana Saa akasema nyuma yake.

"Kumi na saba, bosi."

"Mawili yameenda pamoja. Nimesikia mwenyewe. Andika."

Yanaweza kwenda pamoja, ni kweli, huwa inatokea. Lakini sikio la mtu aliyeifanya kazi ile linajua, na wakati ule masikio yake yalikuwa mazima yote mawili. Alijua. Akachora vijiti kumi na nane kwenye daftari, maana ndivyo alivyokuwa akiandika, vijiti. Kisha Keekee akaja anafuta vumbi usoni, anatabasamu meno tu, kwingine kote mweupe kama ametoka kwenye unga.

"Ngapi, shemeji?"

"Kumi na nane," akasema, akampa mkono.

Asubuhi walikunywa chai pamoja kwenye kifuniko kimoja cha chupa ya chai. Chai tupu. Keekee akapanda na mashine yake. Saa mbili na nusu tundu lililolala likaamka.

Wakamshusha, Bwana Saa na yeye. Bwana Saa alishika mabega, yeye alishika miguu. Wakamtoa porini kabla wafanyakazi hawajajua, wakamlaza chini kwenye machimbo ya zamani, na Bwana Saa akaenda ofisini akarudi na chupa, akammwagia kifuani. Akasema: "Ukisema tundu lililala, umeua wewe, na utafungwa. Ukisema alilewa, basi, maiti hafungwi." Mawe ya chokaa yakarudishwa mahali pake, matundu yakafukiwa udongo. Bwana misitu alipofika mchana alikuta kilio, akavua kofia, akaondoka bila kukagua.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na Bwana Saa naye alishakufa zamani, kitandani kwake.

Alhamisi Mzee Baruti alivaa suruali yake yenye viraka akaenda porini. Alikwenda saa sita mchana, jua kali, kwa makusudi. Hakutaka kuwa na kivuli hata chake. Alipita mawe ya mpaka, chokaa imeshabanduka yamekuwa kama meno mabovu, akaingia. Mara moja joto likakatika. Miti ilikuwa imeota juu ya udongo ule waliofukia, imenyooka, imara, na yote inalingana urefu, kama watoto waliozaliwa siku moja.

Akatafuta kwa miguu. Miguu ilikumbuka. Hatua arobaini kutoka kwenye jiwe kubwa, geuka kulia, panda kidogo. Pale palikuwa na bonde dogo kama sahani, majani yamejaa, na katikati ya bonde chuma kimesimama. Ncha ya mashine ya Keekee. Ilikuwa imekwama kwenye mwamba siku ile, wakashindwa kuing'oa. Kutu imeila, imekonda, imebaki kama kidole.

Na pembeni yake, hata shubiri mbili hazifiki, kulikuwa na kigingi kipya cha kampuni, utepe mwekundu unacheza.

Lakini hapakuwa na upepo. Aliangalia majani juu, yametulia tuli. Utepe unacheza. Ndipo akaihisi kwenye nyayo, kabla ya kuisikia: ule mtetemo mdogo, mfululizo, wa mashine ya kutobolea, unatoka chini ya mwamba. Akajiambia ni machimboni, wanafanya kazi. Akasimama kimya asikilize, kulia hakuna kitu, kushoto hakuna kitu. Wafanyakazi saa hiyo walikuwa wanakula. Mtetemo ukaendelea nyayoni, ukapanda mpaka magotini, mpaka kwenye meno.

"Nimesikia," akasema kwa sauti. "Nimesikia, shemeji. Jumamosi."

Ukakoma. Aliteremka mlima ule kwa mwendo ambao goti lake halikuwa limeuona miaka mingi.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele alikaa afisa wa mazingira, mama mmoja wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi, na kando yake meneja mpya wa kampuni, kijana nadhifu, kofia ngumu mezani kama sufuria iliyofunikwa. Nesi alikaa safu ya kwanza na daftari lake. Mama yake alikaa nyuma, karibu na mlango, anapindia sketi ya shule. Hajui kukaa mikono mitupu.

Meneja alisoma ripoti. Alisoma vizuri, kila koma yake. Machimbo ni salama. Eneo la upanuzi halijawahi kuguswa, kwa hiyo litachimbwa kwa utaratibu wa kisasa. Ajali ya kifo ni moja, iliyosababishwa na ulevi wa marehemu.

Nyuma, sindano ya fundi cherehani ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Mheshimiwa afisa," kinyozi akanyanyuka bila kuitwa. "Mimi kioo changu nimebadilisha mara tatu. Mwezi jana mlipuko umenikuta na wembe, mteja nimemtoa kipande cha sikio. Huyu hapa, mwangalieni. Simama, ndugu."

Yule ndugu akasimama, akageuza kichwa. Ukumbi ukacheka.

"Tunalipua saa kumi kila siku," meneja akasema. "Ungeweza kusubiri dakika tano."

"Na wewe ungeweza kwenda kulipua kwenu!"

Afisa akagonga meza. Ndipo nesi akasimama, akasema kuna mtu aliyefanya kazi ya baruti machimboni miaka thelathini, ni mjomba wake, na anaomba asikilizwe. Akamwangalia kwa fahari. Hilo ndilo lililomuuma Mzee Baruti kuliko yote, ile fahari.

Alisimama. Hakushika kipaza sauti. Akazungumza akimtazama afisa, kwa sababu upande mwingine wowote asingeweza.

"Mimi sina maneno mengi. Hiyo karatasi imesema pori halijaguswa. Limeguswa. Nililigusa mimi, miaka ishirini na sita iliyopita. Tulivuka mawe tukalipua ndani. Matundu yalikuwa kumi na nane. Mimi nilihesabu milio kumi na saba."

Ukumbi ulikuwa bado unanong'ona. Akaendelea, na kadiri alivyoendelea minong'ono ilikatika, safu moja baada ya nyingine. Akasema habari ya Bwana Saa. Akasema habari ya vijiti kwenye daftari. Akasema yule mtoboaji alimuuliza, na yeye akamjibu uongo akampa mkono. Akasema nani alishika mabega na nani alishika miguu, na chupa ilitoka wapi.

"Hakulewa," akasema. "Alikunywa chai. Nilikunywa naye. Alifia porini, palepale mnapotaka kuchimba, na chuma chake kipo mpaka leo. Niliyemuua ni mimi na hesabu yangu."

Afisa alivua miwani. "Mzee, unaelewa unachokisema? Unajitaja mwenyewe."

"Ninaelewa, mama. Nimechelewa tu kuelewa."

Meneja alianza kusema habari ya mzee kuchanganyikiwa, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mzee Baruti alikuwa ameshageuka. Nesi hakuwa anaandika tena. Kalamu ilikuwa mkononi, imesimama juu ya karatasi. "Mjomba," akasema. Mara moja tu.

Nyuma, fundi cherehani alikunja ile sketi, akaichomeka sindano, akaitia mfukoni mwa mkoba. Akaja mbele taratibu katikati ya viti, watu wakikunja magoti kumpisha. Akapita kushoto kwa kaka yake, akasimama, akamsogelea mpaka pumzi ikamgusa shavu, akasema neno. Mzee Baruti aliona midomo yake kwa pembe ya jicho. Lilikuwa neno fupi. Kisha mdogo wake akatoka nje.

Hakulisikia. Alilisema kwenye sikio lililokufa. Watu wa safu ya mbele walilisikia, na siku zote zilizofuata hakuna hata mmoja aliyekubali kumwambia, hata kinyozi.

Afisa aliamua hakuna karatasi itakayotiwa sahihi mpaka aone mahali penyewe kwa macho yake. Atakuja Jumatano, aonyeshwe hicho chuma. Vigingi visiongezwe. Kazi ya kawaida ya machimbo iendelee. Watu walitoka wakishangilia kidogo, si sana. Hujui unashangilia nini mtu akishasema hivyo mbele yako.

Jumatatu saa kumi Mzee Baruti alifunika kikombe. King'ora, ngurumo, sahani, mlango, vumbi. Akageuza kichwa, akangoja.

Kimya.

Mngedhani alipumua. Hakupumua. Alikaa pale na kikombe chake akaelewa kwamba miezi miwili yote ile alikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na sasa hata huyo amenyamaza. Nesi hakuwa amekuja. Mdogo wake hakuwa amekuja. Na sasa Keekee. Akasema, "Shemeji?" kwenye chumba kitupu, akaona aibu.

Jumanne asubuhi alitoka nje kumwaga maji, akaangalia juu. Kwenye ukingo wa juu wa machimbo, chini tu ya mawe ya mpaka, watu walikuwa wanatoboa. Kwenye ukingo ule hakukuwa kumefanywa kazi tangu enzi za Bwana Saa. Akaweka ndoo chini, akahesabu matundu kwa macho, akaelewa palepale. Wakilipua ukingo ule leo saa kumi, mwamba wote wa juu utashuka, na lile bonde, na kile chuma. Kesho afisa atakuja kuonyeshwa hewa. Alimtuma jirani kumwita nesi, jirani akarudi akasema nesi yuko zamu. Kama amekataa, au kweli yuko zamu, hakuuliza.

Saa tisa mlango uligongwa. Hapakuwa na hodi. Alikuwa mdogo wake, amevaa viatu vya kufungwa na mtandio mkubwa.

"Nionyeshe," akasema.

Walipanda mlima, yeye mbele, dada nyuma. Mara mbili alisimama kumngoja, mara mbili naye alisimama palepale alipo, asimkaribie. Wakavuka mawe. Joto likakatika. Kwenye lile bonde akanyoosha mkono, na fundi cherehani akashuka peke yake, akapiga magoti mbele ya chuma kile. Akakishika kama anavyoshika shingo ya cherehani. Akaanza kuondoa kutu kwa ukucha.

"Nimemtukana maiti," akasema. Alikuwa anazungumza na chuma, si na kaka yake. "Miaka ishirini na sita nimekwenda kumtukana mtu wa watu. Na alinyamaza. Ungejibu basi! Si ulikuwa na mdomo wewe?"

Chini king'ora kikalia.

"Twende," Mzee Baruti akasema. "Wanalipua. Hapa tulipo panashuka. Twende, nitakueleza njiani."

"Sitoki."

"Mwamba utashuka na wewe!"

"Sikia, Kaka. Wewe ulitoka hapa, ukamwacha. Na mimi nilikuwa nyumbani nashona. Leo kuna mtu hatoki."

Alitandaza mtandio wake juu ya jiwe bapa lililokuwa kando ya chuma, akakaa, akaweka mkoba mapajani kama anangoja gari. Matawi yakavunjika, akatokea mlinzi mwenye bendera nyekundu, anahema, filimbi mdomoni.

"Wazee! Hamsikii king'ora? Tokeni! Bibi, inuka, tafadhali!"

"Bibi yako yuko kwenu. Nenda kawaambie kuna watu."

"Watanifukuza kazi!"

"Waambie ni wawili. Waambie hawasikii, hawaelewi, na mmoja ni kiziwi. Utaratibu wenu unasemaje mtu akionekana ndani ya mpaka wa bendera?"

Mlinzi akamwangalia Mzee Baruti. Mzee Baruti aliujua utaratibu kuliko yeyote mlimani. Mtu akionekana, hakuna kuwasha, hata aje mwenye kampuni. Akatikisa kichwa polepole, kwamba hawatoki. Kijana akashusha bendera, akateremka mbio huku anapuliza filimbi, mpaka filimbi ikapotelea chini.

King'ora kikakatika katikati ya mlio.

"Usidhani nimekusamehe," mdogo wake akasema, hamtazami.

"Sidhani."

"Sijui kama nitakusamehe. Mtoto naye sijui. Lakini kesho huyo mama mwenye miwani atatukuta hapa. Kaa chini, magoti yako yananitia wasiwasi."

Mzee Baruti akatafuta pa kukaa. Jiwe lilikuwa na nafasi kati ya mdogo wake na kile chuma, pana, majani ya hapo yamelala kama mtu ameyakandamiza muda si mrefu. Akainama, akaweka mkono aketi.

"Si hapo," fundi cherehani akasema, na alisema kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani kukiwa na mgonjwa amelala. Akavuta mtandio kidogo kulifunika lile jiwe vizuri. "Zunguka upande huu. Hapo pana mtu."